Kumleta Labrador nyumbani Dar es Salaam: tangu siku ya kumchagua hadi anapotimiza mwaka

Karibu kila anayenipigia simu kuhusu Labrador huanza na swali lile lile: "Ni mkali?" Amehamia Goba au Kibada, ukuta umekwisha, geti limefungwa, sasa anataka mbwa wa kulinda. Namjibu mapema ili asipoteze hela yake. Labrador si mkali. Mtu akigonga atabweka kwa sauti nzito, lakini geti likifunguliwa atampokea kwa furaha, awe shangazi yako au mtu usiyemjua. Anayetaka mlinzi atafute mbegu nyingine, au achukue mbwa wetu wa kienyeji aliyekulia kwenye joto hili na kupe hawa.

Labrador alifugwa tangu zamani kwa kazi ya kukaa karibu na mtu. Wazee wake walikuwa mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, Kanada, waliokuwa wakiruka kwenye maji ya baridi kuvuta kamba za nyavu na kuokota samaki waliochomoka. Mwanzoni mwa karne ya 19 meli za samaki ziliwafikisha Uingereza, na huko wakaendelezwa kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa risasi na kumpelekea mwindaji bila kuwatoboa kwa meno. Klabu ya mbwa ya Uingereza iliitambua mbegu hii rasmi mwaka 1903. Karibu kila kitu kitakachokushangaza nyumbani kinatoka huko: manyoya ya tabaka mbili ya kukinga baridi, ngozi katikati ya vidole kama ya bata, mdomo usiotulia mpaka ushike kitu, na moyo usiovumilia kuachwa peke yake nyuma ya nyumba.

Mimi nimelea wawili hadi wakawa wakubwa, na mmoja nilimzika akiwa na wiki tisa. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa hao watatu.

Hatua ya 1: Ongea na walioko nyumbani

Kabla hujaulizia bei, uliza ni nani atakayekaa na mbwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwa familia nyingi za Dar jibu ni dada wa kazi, na mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuambiwa. Hilo ni kosa kubwa. Kama dada anaogopa mbwa, au dini yake inamzuia kuguswa na mate ya mbwa, mtoto wa mbwa atafungiwa bandani mchana kutwa na atakua hivyo. Mketishe dada, mweleze kazi ilivyo, kubaliana naye juu ya malipo ya nyongeza, na akikataa, heshimu. Hapo tafuta njia nyingine au subiri.

Kama umepanga, mwenye nyumba aseme ndiyo waziwazi. Kama mna watoto chini ya miaka mitano, jueni kwamba mbwa huyu hatawang'ata kwa ubaya, ila atawaangusha. Akiwa na miezi sita anafika kilo 20 hivi, na hana habari ya ukubwa wake. Akikomaa ni kati ya kilo 25 na 36, na ataishi miaka 12 hivi. Mtoto wako anayeanza darasa la kwanza leo atamaliza sekondari mbwa huyo akiwa bado yupo, amezeeka, anahitaji kubebwa kwenye ngazi.

Manyoya nayo hupukutika mwaka mzima. Utayakuta kwenye kochi na kwenye suti ya kazini. Kumchana mara mbili au tatu kwa wiki kunapunguza, ila hayaishi.

Hatua ya 2: Nenda ukamwone mama yake

Usinunue kwa picha ya simu. Matapeli wengi huishi kwa picha nzuri na maneno "tuma ya kushikilia, wamebaki wawili." Nenda nyumbani kwa mfugaji, mchana, na uombe kumwona mama wa watoto hao akiwa nao. Tabia ya mama ndiyo itakayokuonyesha mengi. Akija kukunusa huku mkia unacheza, vizuri. Akijificha au akiunguruma kwa woga, usiangalie watoto, maana ukiwaangalia utampenda mmoja.

Mtoto asiondoke kwa mama yake kabla ya wiki nane. Kati ya wiki ya tano na ya nane ndipo anapofundishwa na wenzake kwamba kung'ata kwa nguvu kunauma: anamng'ata ndugu yake, ndugu analia, mchezo unakatika. Aliyetolewa mapema hakuupata mtihani huo na ataufanyia mikononi mwako. Katika wiki nane huwa na kilo tano hivi. Macho yawe makavu na angavu, fizi za rangi ya waridi, masikio yasiwe na harufu, na tumbo lisiwe limevimba kama puto wakati mbavu zinaonekana, kwani hiyo ni minyoo.

Rangi ni tatu tu: nyeusi, ya njano (kuanzia karibu nyeupe hadi kama mbweha), na ya chokoleti. Ukiambiwa ya "fedha" ni adimu na bei yake mara mbili, fahamu kwamba vyama vikubwa vya mbwa havina rangi hiyo kwenye orodha yao ya Labrador. Mkia uwe mnene shinani na uchongoke polepole, kama wa fisi-maji, bila manyoya marefu yanayoning'inia.

Muulize mfugaji kuhusu nyonga na viwiko vya wazazi. Labrador hurithi ubovu wa viungo hivyo, na mbwa anaweza kuanza kuchechemea kabla hajafika mwaka. Wachache huku wamepiga eksirei, ila mfugaji anayejali hataona swali lako ni la ajabu. Ukitaka karatasi za ukoo, East Africa Kennel Club ya Nairobi ndiyo inayojulikana kwa kuandikisha mbegu katika ukanda huu. Kumvusha mtoto mpakani kutoka Kenya kunahitaji kibali cha kuingiza mnyama na cheti cha afya, kwa hiyo zungumza na daktari wa mifugo kabla hujalipa.

Sasa daftari la chanjo. Mtoto wangu wa kwanza niliuziwa na mtu aliyeniapia kwamba ameshachanjwa. Alinipa daftari zuri, tarehe zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, zote kwa mwandiko mmoja na wino ule ule. Sikushtuka. Siku ya nne akakataa chakula, jioni akatapika povu la njano, usiku akaanza kuharisha damu yenye harufu ambayo mpaka leo naikumbuka. Ilikuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Tulimpeleka akawekewa dripu, akakaa siku mbili, akafa alfajiri. Daftari la kweli lina stika ndogo iliyobanduliwa kwenye kichupa cha chanjo, yenye jina na namba ya toleo, na mhuri wa daktari pembeni. Bila stika, mhesabu kama hajachanjwa kabisa.

Hatua ya 3: Andaa nyumba siku moja kabla

Hapa mambo ni machache. Pandisha juu nyaya za simu na viatu vyote. Ondoa sumu ya panya ndani na nje, hata ile iliyowekwa darini mwaka juzi, maana panya huiburuta hadi chini. Nunua bakuli mbili nzito, mkanda wa shingoni, kamba ya mita moja na nusu, na boksi gumu au kizimba ambacho akiwa mkubwa atageuka ndani yake. Nunua pia kikombe kimoja cha kupimia chakula. Kikombe hicho ni muhimu kuliko vyote hivyo, nami nitakirudia.

Kama mbwa mwingine aliwahi kuugua parvo hapo kwenu, usilete mtoto asiyekamilisha chanjo. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji ioshwe kwa jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iachwe imelowa dakika kumi. Bustani haioshwi kwa jiki ikapona. Mimi nilisubiri miezi 14 kabla ya kumleta mbwa wangu Asali.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza

Asali aliingia nyumbani Jumamosi saa 10 jioni, wa njano, amejikunja kwenye khanga iliyosuguliwa kwa mama yake. Nilikuwa nimemwomba mfugaji khanga hiyo ikae kwenye banda la mama siku tatu. Wewe pia omba kitambaa hicho. Usiku niliweka boksi lake pembeni ya kitanda, mkono wangu ukiwa unaning'inia ndani. Alilia dakika kumi hivi, akanusa khanga, akalala na pua yake kwenye kiganja changu. Saa 8 usiku akaanza kuhangaika, nikambeba hadi kwenye majani, akakojoa, tukarudi.

Kumfungia bandani nje usiku wa kwanza ndiko kosa linalofanywa na watu wengi wazuri kabisa. Wanasema atazoea. Atazoea kulia hadi achoke, na majirani hawatalala. Mlaze karibu na watu kwa wiki mbili tatu za mwanzo, kisha sogeza boksi taratibu hadi mahali unapotaka alale.

Kuhusu haja, mtoe nje kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila baada ya mchezo, na kila baada ya saa moja au mbili mchana. Simama naye, usimtume. Akimaliza, msifu papo hapo na mpe kipande kidogo cha kitu kitamu. Akikojoa ndani, pangusa, nyamaza. Kumsukumiza pua kwenye mkojo humfundisha jambo moja tu, kwamba akojoe mahali usipomwona, na hapo utakuwa unanusa nyuma ya kochi kwa miezi. Wengi hutulia kabisa kati ya mwezi wa nne na wa sita.

Usishangae kwamba analala saa 18 kwa siku. Mtoto wa mbwa anayekimbia ovyo jioni huku anang'ata kila mguu mara nyingi amechoka, kama mtoto wa binadamu aliyepitiliza muda wa kulala. Mrudishe kwenye boksi lake, zima taa.

Hatua ya 5: Chanjo, minyoo na kupe

Chanjo ya kwanza ya parvo, distempa na ugonjwa wa ini hutolewa kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki 16. Watu huuliza kwa nini irudiwe, si ameshachomwa? Kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama ndiyo inayoipinga chanjo, na hakuna anayejua kwa hakika inaisha wiki gani kwa mtoto yupi. Ndiyo maana tunarudia mpaka tumeivuka. Ukiacha baada ya sindano moja, umeacha katikati ya mto.

Chanjo huharibika nje ya baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Daktari anayekuja nyumbani awe nayo kwenye kipoozeo chenye barafu, siyo mfukoni, na usione haya kuomba kuiona.

Kichaa cha mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, halafu kila mwaka. Kila tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, kampeni za chanjo hufanyika sehemu mbalimbali, basi sikiliza matangazo ya mtaani kwenu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya wagonjwa wa kichaa hiki huambukizwa na mbwa. Mtu yeyote nyumbani aking'atwa na mbwa asiyejulikana, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili hadi wiki ya 12, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Minyoo yake huweza kumpata mtoto wako anayecheza mchangani, kwa hiyo kinyesi kiokotwe kila siku.

Kupe ndiye adui mkubwa wa Labrador wa Pwani. Kupe wa kahawia wa mbwa haishi porini tu, anaishi kwenye nyufa za ukuta wa banda lako na hutaga mayai kwa maelfu. Kila jioni kaa na mbwa wako, mlaze ubavu, pitisha vidole ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo, na katikati ya kila kidole. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Ziba nyufa kwa saruji. Na umpe kinga ya kila mwezi iliyopimwa kwa kilo zake na daktari. Nakusihi usimwogeshe mtoto wa mbwa kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ni rahisi na inapatikana kila duka la pembejeo, lakini kipimo chake si cha mbwa, na inaweza kumuua.

Jifunze rangi ya fizi zake akiwa mzima. Mwinue mdomo kila wiki, angalia. Homa ya kupe huanza kimya: fizi zinapauka, mwili unapata moto kupita nyuzi 39.2, wakati mwingine damu inatoka puani. Dalili iliyo wazi zaidi kwa mbegu hii ni kukataa chakula. Labrador aliyeacha bakuli lake hajachoka wala hajanuna. Mpeleke.

Hatua ya 6: Kikombe

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni inayoitwa POMC, na matokeo yake mwili hauletewi sawasawa habari kwamba umeshiba. Yale macho anayokukazia ukila, basi, hayatokani na uchoyo. Ana njaa kweli, au anahisi hivyo. Kumhurumia kwa kumwongezea ndiko kunakomdhuru. Utafiti mwingine wa Marekani uliotoka mwaka 2002 ulifuatilia Labrador 48 maisha yao yote: nusu yao walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko wenzao, nao wakaishi karibu miaka miwili zaidi na wakachelewa kuugua viungo.

Kwa hiyo kikombe kinakaa ndani ya ndoo ya chakula, na hakuna mtu anayechota kwa mkono au bakuli. Gawanya chakula cha siku mara nne hadi afikishe miezi minne, mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili maisha yake yote. Kiasi kimeandikwa kwenye mfuko, lakini mwili wake ndio unaosema ukweli. Fungua kiganja, papasa mgongo wa kiganja hicho kwenye vifundo: hivyo ndivyo mbavu za mbwa wako zinavyotakiwa kuwa chini ya kidole. Ukilazimika kubonyeza ili uzione, punguza.

Chagua chakula cha mfuko kilichoandikwa cha watoto wa mbwa wakubwa, na usiongeze vidonge vya kalisi juu yake. Kalisi ikizidi huharibu mifupa inayokua. Wanaopika nyumbani dona na dagaa nawaelewa, mfuko ni ghali. Dona na dagaa peke yake humshibisha mbwa mkubwa, lakini kwa Labrador wa miezi mitatu haitoshi na mizani yake si sawa, basi mwombe daktari akupangie nyama, mayai, mboga na viasi vyake. Unga uwe ule ambao wewe mwenyewe ungeula. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumu inayoua ini la mbwa, na kuchemsha hakuiondoi.

Makombo ya mezani kwetu yana hatari zake. Mchuzi na pilau vina vitunguu, ambavyo huvunja damu ya mbwa. Zabibu kavu huua figo. Chokoleti, bigijii zisizo na sukari, mifupa ya kuku iliyopikwa, yote hapana. Paracetamol na diklofenaki za binadamu usimpe kamwe, hata nusu kidonge.

Halafu kuna gunzi la mahindi na kokwa la embe. Mbwa huyu humeza bila kutafuna. Gunzi halionekani vizuri hata kwenye eksirei, hukwama kwenye utumbo, na mbwa hutapika siku mbili tatu kabla mtu hajashtuka. Msimu wa embe mimi hupita chini ya mti asubuhi na jioni na ndoo kabla ya kumfungulia. Akitapika mara kwa mara na hajapata choo, ni upasuaji, na kila saa ina maana.

Hatua ya 7: Mdomo na mafunzo

Ana meno 28 ya utoto, yatang'oka kati ya mwezi wa nne na wa saba yakipishana na 42 ya ukubwani. Miezi hiyo atatafuna kila kitu. Mpe karoti iliyogandishwa au mdoli mgumu wa mpira. Kumbi la nazi linavutia lakini nyuzi zake zikimezwa huziba utumbo.

Akikung'ata akicheza, toa sauti fupi, simama, geuka, mchezo umekwisha kwa nusu dakika. Rudia mara mia. Kumpiga mdomoni humfanya aogope mkono, na mkono huo huo ndio utakaomtoa kupe.

Asali akiwa na miezi minne alinyanyua simu yangu kibarazani. Nikamkimbiza. Akazunguka mpera mara sita, masikio yamelala nyuma kwa furaha, simu katikati ya meno, na kila nilipokaribia aliongeza mwendo. Niliposimama nikakata kipande cha ini lililochemshwa, nikachuchumaa na kusema "lete," alikuja mwenyewe akaiweka mguuni pangu, imelowa mate bila mkwaruzo hata mmoja. Ndicho babu zake walichofanya na samaki na ndege. Toka siku hiyo hakimbizwi mtu kwetu. Kila anachookota kina bei yake, na tunabadilishana. Mbwa anayenyang'anywa hujifunza kumeza haraka.

Chagueni maneno machache, yaandikwe kwenye friji: kaa, lala, njoo, acha, lete. Baba akisema "njoo," dada "kuja hapa" na mtoto "kamu," mbwa hasikii neno lolote. Dakika tano, mara tatu kwa siku, na chakula cha mafunzo kikitolewa ndani ya kikombe kile kile, si juu yake.

Hadi wiki ya 14 hivi, moyo wake uko wazi kwa kila kipya. Chanjo hazijaisha, kwa hiyo asikanyage mahali wanapopita mbwa wengine, lakini mbebe. Akae mapajani mwako kituo cha bajaji. Asikie adhana, ngoma za kanisani, mvua juu ya bati, mashine ya kusaga. Aone mtu wa baibui, mtu wa kofia ya pikipiki, mzee wa fimbo. Wiki hizi hazirudi.

Hatua ya 8: Joto na matembezi

Mbwa huyu amevaa koti la Newfoundland. Kuanzia Desemba hadi Machi tunatoka saa 11 na nusu alfajiri na tena jua likizama. Weka mgongo wa kiganja kwenye lami: ukishindwa kuvumilia sekunde saba, miguu yake nayo haiwezi. Ulimi ukiwa mwekundu sana au zambarau, mate yakawa mazito, akayumba, mmiminie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, mwingize kwenye gari huku analowa. Usimfunike taulo lililolowa, linafungia joto ndani.

Mtoto asikimbizwe umbali mrefu wala kurukishwa, viungo bado laini. Matembezi mafupi mara mbili na kucheza uani kunatosha hadi apite mwaka. Baharini atafurahi kuliko mahali popote. Chukua maji baridi ya kunywa ili asinywe ya chumvi akaharisha, msuuze mkirudi, na ukaushe masikio kwa kitambaa. Masikio yaliyolala na yenye unyevu huoza haraka.

Jirani

Wiki ya pili ya Asali nilikutana na mama wa nyumba ya tatu akirudi kutoka msikitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo mtoto wako nimemsikia. Mimi simchukii, kiumbe wa Mungu, ila mate yake yakigusa khanga yangu ya kusalia nina kazi ya kuosha mara saba na udongo. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Tukakubaliana kwamba nyakati za sala sipiti njia ile, na nikipita kamba ni fupi na mbwa yuko upande wangu wa ukuta. Labrador anapenda kulamba watu, na mtaa wa Pwani una watu wengi ambao kulambwa ni shida ya kweli kwao. Nenda ukabishe hodi kabla ya wao kuja kwako. Sasa mama yule ndiye aliyenipigia simu siku geti lilipoachwa wazi.

Miezi sita hadi mwaka

Hapa wengi hukata tamaa. Mbwa aliyekuwa anatii ghafla hasikii, anavuta kamba, anachimba bustani. Ni ujana, na huendelea mpaka karibu miaka miwili. Endelea na mafunzo yale yale. Jike hupata joto lake la kwanza kati ya mwezi wa sita na wa 12, nalo hudumu kama wiki tatu. Muda wote huo asitoke peke yake, madume wa mtaa wataruka ukuta. Kuhasi zungumza na daktari, kwani kwa mbegu kubwa wengi hushauri kusubiri apite mwaka ili viungo vikomae.

Na Desemba itafika, mtasafiri kwenda kwenu. Mtafute mapema mtu atakayekaa naye nyumbani kwako, aje kushinda naye mara mbili tatu kabla hamjaondoka. Mwachie daftari la chanjo, namba ya daktari na hela ya teksi ya kumfikisha, na ufunge mlango wa stoo. Mdogo wangu alipokuja kukaa na Asali mara ya kwanza aliniambia, "Kaka, ananiangalia kama hajala wiki nzima." Nikamwambia kikombe kipo ndani ya ndoo, kimoja na nusu asubuhi, kimoja na nusu jioni, ukimaliza funika na uweke tofali juu ya kifuniko.